Siku Tatu Ambazo Seva ya Nakivale Iligoma

Siku ya kwanza kazini nilipewa meza yenye miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa tofali. Juu yake palikuwa na daftari kubwa la mistari, karatasi za kaboni, muhuri, na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi ili isitembee. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa mkimbizi mwenye miezi michache tu tangu nivuke kutoka Kivu ya Kusini. Huko kwetu nilikuwa karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, naandikisha waliozaliwa na waliokufa, kwa hiyo waliposema Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, kuna kazi ya kuandika watu, nilipiga pasi shati langu pekee nikaenda.

Aliyeniajiri alikuwa Komandanti, mkuu wa makazi yote, Mnyankore mrefu aliyependa kuinama mlangoni hata pale ambapo mlango ulimtosha. Aliniangalia kuanzia viatu. Akasema, "Wewe Mukongo, unajua kuandika? Andika jina yangu hapa, nione." Nikaliandika kwa mwandiko wa shule ya mapadri, mwandiko wa mkia na kitanzi. Akalitazama muda mrefu, akachana kipande kile cha karatasi, akakitia mfukoni. Ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira, na sikuwahi kupewa nyingine kwa miaka minne.

Nyinyi vijana mnaobonyeza kitufe na jina la mtu linatokea, hebu nisikilizeni kidogo. Kazi yetu ilikuwa kadi ya familia. Kila kaya ilikuwa na kadi moja ngumu yenye namba, jina la mkuu wa kaya, na wote wanaokula chungu kimoja naye. Familia ikifika, tuliuliza: mmetoka wapi, mko wangapi, nani mgonjwa, nani ameachwa njiani. Swali la tarehe ya kuzaliwa lilikuwa la kuchekesha na la kuchosha. Mama mmoja aliniambia mtoto wake alizaliwa mwaka ambao mbuzi wa jirani alikula mahindi yao. Nikaandika tarehe mosi Januari, kama tulivyowaandikia wote wasiojua, na hadi leo nadhani hakuna sehemu duniani yenye sherehe nyingi za kuzaliwa siku ya mwaka mpya kuliko Nakivale.

Kitu kingine mlichokizoea, lakini nacho kilikuwa na mwanzo wake, ni saa. Kivu iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Tulipovuka, wengi wetu hatukusogeza saa zetu. Makanisa ya Rubondo, upande wa makazi waliokaa Wakongo wengi, yalitangaza ibada kwa saa ya kwetu, soko lilifunguliwa kwa saa ya Uganda, na mtu akikupa miadi ulimuuliza ni saa ya wapi kabla hujasema ndiyo. Saa yangu ya mkononi niliinunua mjini Uvira, kwetu Kivu, na niliiacha ilivyokuwa. Mke wangu alinidhihaki kwamba navaa Congo kwenye mkono. Ukweli ni kwamba kuisogeza mbele niliona kama kukubali kwamba sirudi, na mimi ni mtu mkaidi, mtu yeyote wa Juru, mtaani kwangu hapa makazini, atawaambia. Nilikuwa naongeza saa moja kichwani, basi, na sikuwahi kuchelewa kazini hata siku moja.

Baada ya miaka ya daftari ikaja kompyuta ya kwanza, na mimi nikapelekwa mjini Mbarara kujifunza. Nilipanga chumba Kakiika, pembezoni mwa mji, katikati ya migomba ya watu, nikawa natembea asubuhi hadi ofisini nikiwa na umande kwenye suruali. Mkuu wangu huko alikuwa Msimamizi wa Takwimu, ambaye sote tulimwita Madam. Mwanamke mfupi, mkali, asiyekubali udhuru. Nilipomlalamikia kwamba kompyuta imemeza kazi yangu ya siku nzima, hakunipa pole. Aliniambia niandike tena, na safari hii nihifadhi kila baada ya dakika kumi. Nilimchukia wiki mbili. Kisha nikaanza kuhifadhi kila baada ya dakika kumi, na kuanzia hapo sikumchukia tena.

Huko ndiko nilikokutana na Afande. Alikuwa amestaafu jeshi, fundi wa mawasiliano, mtu aliyeanza na redio za kambini, akajifundisha kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga. Bado aliishi karibu na kambi ya jeshi kwa sababu mke wake alikuwa na duka pale. Aliniita Mzee ingawa tulipishana miaka sita tu, nami nikamwita Afande ingawa sijawahi kushika hata bunduki ya mbao. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, tukigombana karibu kila tulipokutana na kula pamoja siku hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye seva. Seva ni kompyuta inayotunza taarifa za wengine. Zile nyingine mezani huomba kwake, nayo huzipa. Ndani yake kulikuwa na databesi, yaani zile kadi zetu zote za familia, safari hii zikiwa zimepangwa ili uulize jina upate namba, uulize namba upate picha. Nakivale, nilikorudi baada ya mafunzo, tulikuwa na seva yetu kwenye chumba cha ofisi kuu, na Mbarara kulikuwa na mashine kubwa zaidi iliyokuwa mkuu wa mashine zote. Kila Jumamosi yetu ilituma nakala kule kupitia kisahani cha satelaiti, mvua ikiruhusu.

Umeme wetu ulikuwa wa jenereta. Saa kumi na moja jioni jenereta ilizimwa, kwa hiyo na seva tuliizima. Asubuhi niliiwasha. Ndani ya mashine kuna kibetri cha duara, chembamba, kinachoikumbusha tarehe na saa wakati imelala. Chetu kilikufa. Niliandika kuomba kingine, nikaandika tena, nikaambiwa ombi liko njiani, na njia hiyo ilichukua miaka miwili. Wakati huo wote mashine ilikuwa inaamka kila asubuhi ikidhani ni mwaka iliotengenezwa, na mimi nilikuwa naiwekea tarehe na saa kwa mkono kabla ya jambo lolote. Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Niliifanya huku nakunywa chai.

Jumanne moja Afande alikuja kutoka Mbarara kupandisha toleo la databesi. Toleo jipya, tuliambiwa, lina kasi na usalama zaidi. Nilitoa nakala ya akiba ya kila kitu kwanza, Afande akaizima mashine, akaiwasha, akaweka mambo yake, akafanya kazi hadi alasiri. Ikakubali. Tukatafuta majina kumi, yote kumi yakaja na picha zake. Tukapeana mikono. Afande akalala kwenye nyumba ya wageni ili aondoke kesho yake mapema.

Jumatano asubuhi nikaiwasha kama kawaida, nikakaa, nikafungua databesi. Ikakataa. Kioo kiliandika kwamba utambulisho hauaminiki na muunganisho umekatwa. Nikajaribu tena, ikarudia yale yale. Nikatuma mtu amkimbilie Afande kabla hajapanda gari.

Alikuja na mkoba wake begani, akasoma kioo, akanigeukia. "Mzee, hii kitu jana ilikuwa sawa. Leo imekataa. Wewe umegusa nini?"

Nikamjibu kwamba sijagusa kitu. Nilikuwa nasema kweli, kwa jinsi nilivyoijua kweli siku ile.

Mngeweza kusema, basi, seva imegoma, watu watasubiri siku mbili, kuna ubaya gani. Ubaya ulikuwa umekaa kwenye benchi nje ya dirisha langu. Alikuwa Mama Faida wa Rubondo, mzaliwa wa Fizi kule Kivu, mkulima wa maharage, na binti yake Faida wa miaka minane amejiegemeza ubavuni mwake. Mtoto alikuwa na tundu kwenye moyo. Akipanda kilima cha kisimani alikuwa anakaa chini mara tatu, na midomo ilikuwa inageuka rangi. Madaktari wageni walikuwa wamekuja Kampala kwa wiki moja kupasua watoto wenye ugonjwa huo, na Faida alikuwa amekubaliwa. Gari la wagonjwa lilikuwa liondoke Ijumaa saa sita mchana. Hospitali ilitaka barua moja tu, yenye picha ya mtoto na namba ya kaya, iliyochapwa kutoka kwenye databesi.

Najua mtauliza kwa nini nisingeiandika kwa mkono wangu wa mkia na kitanzi. Zamani tuliandika. Kisha kukatokea watu waliochonga mihuri kwa raba ya viatu, barua za uongo zikajaa kila ofisi, na amri ikatoka kwamba barua isiyotoka kwenye mashine si barua. Mbarara nako wasingeweza kuichapa, kwa sababu idhini ya daktari niliiingiza Jumatatu, na nakala yao ilikuwa ya Jumamosi. Kwa hiyo Faida alikuwa ndani ya mashine ile na hakuwa mahali pengine popote.

Jumatano nzima tulitafuta. Afande alianza na nenosiri, kwa kuwa neno lile la utambulisho lilimfanya adhani nenosiri limeharibika. Akalibadilisha, ikakataa. Akakagua diski kama imejaa, haikuwa imejaa. Akakagua nyaya, akapanda juu ya paa kugeuza kisahani, akashuka na vumbi kwenye nywele. Mawasiliano na Mbarara yalikuwa mazima. Mashine zilisikiana vizuri, ila ya Mbarara haikutaka kuikubali yetu, na toleo jipya bila kukubaliwa na Mbarara halikufungua mlango.

Alhamisi akaamua kurudi nyuma, yaani kuondoa toleo jipya na kurudisha la zamani kutoka kwenye nakala yangu ya akiba. Ni njia ya heshima katika kazi hii, msiidharau. Ilitumaliza siku. La zamani likakaa, likawaka, lakini Mbarara nao walikuwa wamepandisha lao, na la zamani halikuelewana na lao hata kidogo, na kwa kuwa nenosiri lilithibitishwa Mbarara, nalo halikufungua kadi hata moja. Ilipofika saa kumi Afande akarudisha jipya. Simu yake ililia, alikuwa Madam, na nilimsikia akijibu ndiyo Madam, ndiyo Madam, mpaka akakata. Aliniambia kwamba Madam anaandika ripoti, na ripoti inasema ufungaji wa toleo jipya ulifanywa vibaya.

Kila nilipotoka nje Mama Faida alikuwa pale. Hakulalamika, na hilo ndilo lilikuwa linaniumiza. Aliniuliza tu kama mashine imepata nafuu, kana kwamba naye ana mgonjwa wake na mimi nina wangu. Nilimwambia inaendelea. Nilikuwa namdanganya na wote wawili tulijua. Alhamisi nilirudi Juru kwa baiskeli nikiwa na hofu ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za kuvuka. Mke wangu aliweka ugali mbele yangu na sikuugusa. Nilimwambia kwamba nimeandika watu maisha yangu yote, na sasa mtoto mmoja atakufa kwa sababu siwezi kumtoa kwenye maandishi. Alinisogezea maji ya kunywa.

Ijumaa niliwahi. Nikawasha mashine, nikafanya yale ya kila asubuhi, ikakataa. Afande akaketi mbele yake akisoma logi, yaani lile faili ambamo mashine huandika kila inalolifanya na kila inalokataa. Alikuwa anasoma mstari kwa mstari kwa kidole. Mama Faida alifika saa tatu akiwa amemvalisha mtoto gauni la kanisani na soksi nyeupe. Alibeba fuko dogo. Alikuwa amejiandaa kusafiri bila barua, nadhani, akitumaini kwamba dereva atakuwa na huruma.

Ilikuwa inakaribia saa nne na nusu aliponiita dirishani.

"Papa, banasema motokari inatoka saa sita. Ni saa sita ya fasi gani, ya kwetu ao ya Uganda?"

Nikamjibu bila kufikiri, maana ni swali tulilojibu mara elfu. "Ya Uganda, mama. Kwa ile ya kwetu itakuwa saa tano." Na nikaitazama saa yangu nimhesabie muda uliobaki. Ilisema saa tatu na dakika ishirini na kitu.

Sijui niwaeleze vipi. Nilishika kingo za dirisha, na yule mama akadhani nimepatwa na kizunguzungu, akanyoosha mkono wake ndani anishike. Nikamwambia asitoke pale. Nikageuka, nikaenda mpaka kwenye kioo cha seva, nikaangalia pembeni chini, pale ambapo hakuna anayeangalia.

Nikamuuliza Afande saa yake inasema ngapi. Alinitazama kwa hasira, akidhani nimechoka kazi. Akasema saa nne na dakika ishirini na nane. Nikaweka kidole kwenye kioo. Kioo kilisema saa tatu na dakika ishirini na nane.

Afande aliitazama saa ya kioo, akaitazama ya mkononi mwake, kisha polepole akaitazama ya kwangu. "Mzee," akasema, "nani alikuwa naweka hii saa?"

"Mimi, Afande. Kila asubuhi."

Kisha akarudi kwenye logi kwa kidole kile kile, akapanda mistari juu, na akaukuta. Ulikuwepo tangu Jumatano, mstari mfupi uliosema muda wa mashine mbili unapishana. Tulikuwa tumeupita mara ishirini.

Nawaeleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kosa hili bado linatembea. Toleo la zamani liliuliza nenosiri tu. Jipya, kabla ya kukubali nenosiri, liliangalia saa za mashine zote mbili. Zikipishana kwa zaidi ya dakika tano, liliamini kwamba mtu ameiba ruhusa ya zamani na anajaribu kuitumia, na likafunga. Jumanne Afande alipoiwasha mwenyewe aliweka saa ya mkononi mwake, ya Uganda, ndiyo maana ikakubali. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa niliweka yangu mimi, ya Uvira. Miaka miwili nilikuwa naandika kila mtu wa Nakivale saa moja nyuma, wanaozaliwa na wanaofika, na hakuna aliyeona kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Afande akasimama, akanipisha kiti. "Weka wewe," akasema. Sikuelewa kama ananiadhibu au ananiheshimu. Nikaketi, nikasogeza saa ya mashine mbele. Tukazima huduma ya databesi, tukaiwasha upya. Haikukataa. Lakini kwa kuwa tulikuwa tumeizima hovyo mara nyingi ndani ya siku tatu, ilianza kwanza kukagua mafaili yake yote, moja moja, na mstari wa kijani ukawa unatembea kwenye kioo kwa mwendo wa kinyonga. Saa tano ikapita. Saa tano na robo. Nje dereva alikuwa amekwisha kuleta gari la wagonjwa karibu na lango na kuweka maji. Alikuwa na watoto wengine wawili wa kubeba na madaktari wanaomsubiri Kampala kabla ya jioni. Alituambia wazi kwamba saa sita ikifika anaondoka, na sikuweza kumlaumu.

Saa tano na dakika thelathini na tano mstari ulifika mwisho na databesi ikafunguka. Niliandika namba ya kaya kwa haraka hata nikaikosea na kuianza upya. Ikaja. Mama Faida akatokea kwenye kioo na picha yake, na chini yake Faida, macho makubwa, kitambaa cha bluu nyuma. Nikabonyeza kuchapa. Karatasi ilipotoka ilikuwa na joto. Afande aliipiga muhuri mwenyewe, kazi ambayo si yake, na akatoka nayo mbio hadi langoni, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini mwenye mkoba unaompiga mgongoni. Mama Faida alikuwa anamfuata na mtoto mgongoni na fuko mkononi.

Nilisimama mlangoni nikaona gari likiondoka. Nilirudi ndani, nikavua saa yangu, nikaisogeza mbele saa moja, nikaivaa tena. Kisha nikakaa kwenye kile kiti na nikalia, sina haya kusema. Furaha ilikuwepo, na kulikuwa na kitu kingine pia ambacho sikukipa jina. Afande aliporudi alinikuta hivyo. Akaniuliza niko Uganda miaka mingapi. Nikamwambia kumi na mitatu. Akatikisa kichwa, akaanza kucheka, na akicheka yule huwezi kubaki unalia.

Kulikuwa kumebaki jambo moja, na hili nataka mlisikie vizuri nyinyi mnaoanza kazi. Hakuna aliyejua isipokuwa Afande na mimi. Ripoti ya Madam ilikuwa mezani kwake na jina la Afande lilikuwa ndani yake. Afande alisema tuseme ilijirekebisha, mashine hufanya hivyo, wakubwa wa Kampala watasahau. Alikuwa ananiokoa, kwa sababu mimi ni mkimbizi na yeye ni mstaafu wa jeshi, na alijua nani kati yetu angeondolewa kirahisi. Nilikaa na wazo hilo kwa muda wa chai moja. Kisha nikampigia Madam.

Nilimweleza yote. Nilimwambia kuhusu kibetri, kuhusu Uvira, na kuhusu saa ambayo sikutaka kuisogeza. Kisha akasema, "Andika hivyo hivyo. Usipambe." Nikaandika kurasa mbili kwenye daftari la hitilafu, lile ambamo kila fundi huandika nini kiliharibika na kilitengenezwaje, na chini yake nikatia jina langu. Madam aliichana ripoti yake. Sikufukuzwa. Kibetri nilichokiomba kwa miaka miwili kilifika baada ya siku nne, ndani ya bahasha, na Afande alikibeba mkononi kutoka Mbarara kama mtu aliyebeba yai.

Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa baada ya hapo. Nilitumikia wasimamizi watatu zaidi, matoleo mapya ya databesi sikumbuki mangapi, na seva mbili. Kila niliyemfundisha nilimwonesha kwanza saa ya mashine, na wengi walidhani ni uzee. Nilipostaafu walinipa keki na kiti cha plastiki chenye mikono. Afande alitoka Mbarara, akahutubia kwa muda mrefu mno, akawaeleza watu wote kisa cha saa, na akakikuza. Sasa nalima maharage Juru, naamka ninapotaka, na silazimiki kuwasha kitu chochote.

Watu wakiniuliza nimebakiwa na nini kutokana na kazi ile, wanategemea niseme vita na wakimbizi, au niseme kompyuta. Mimi nakumbuka asubuhi moja, kiasi cha miezi mitatu baada ya Ijumaa ile. Mama Faida alikuja dirishani na mtoto wake. Walikuwa wametembea kutoka Rubondo, wote wawili kwa miguu, na mtoto hakuwa amekaa chini njiani hata mara moja. Mama yake alilisema hilo kabla hata ya kunisalimu. Faida alifungua kifungo cha juu cha gauni anioneshe mshono. Kisha mama akasema wamekuja ili niandike kwenye mashine kwamba amepona.

Nikafungua ukurasa wake. Kuna sehemu ya ugonjwa, na sehemu ya ulemavu, na sehemu ya mtu aliyepotea, na ya aliyefariki na tarehe yake. Nilitafuta kote. Kwa miaka yote ile waliyopanga fomu zile, hakuna aliyefikiria kuweka sehemu ya kupona. Nikamweleza mama kwamba ninachoweza ni kufuta tu pale palipoandikwa moyo, na pabaki patupu. Akauliza kama patupu ni vizuri. Nikamwambia ni vizuri sana.

Nikafuta, nikahifadhi, nikawageuzia kioo waone. Tukapaangalia pale patupu, sisi watatu, kwa muda mrefu, na foleni ikasubiri.